Nje ya Darasa: Pipa la Mama

Karibuni tena kwenye "Nje ya Darasa", safu ambayo kazi yake ni kuwatoa maktaba, kuwapeleka penye miti, maji na wanyama, halafu kuwarudisha salama na maneno machache mapya mkononi.

Toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya ndege wa Sligo Creek, kijito kinachopita kwetu Takoma Park. Ahadi hiyo nimeitimiza nusu tu. Nilipofika kijitoni na daftari langu, kijito chenyewe kilikuwa karibu kimekwenda zake.

Mnakumbuka vuli ya 2024. Kuanzia tarehe 3 Oktoba hadi tarehe 9 Novemba, kituo cha kupimia mvua katika uwanja wa ndege wa Reagan, ambacho ndicho kinachohesabiwa kwa jiji la Washington, hakikupata mvua ya kupimika hata siku moja. Siku 38 mfululizo! Rekodi ya zamani ilikuwa siku 34, ya mwaka 2007. Na kabla ya hapo, mwezi Julai, baraza la serikali za mitaa za eneo letu lilikuwa limeshatangaza tahadhari ya ukame na kutuomba tutumie maji kwa busara. Mkono juu aliyelisikia tangazo hilo. Mimi sikulisikia. Nilichokiona mimi ni jua. Kila siku mbingu ya buluu, majani mekundu na ya manjano, watu wamelala kwenye nyasi za chuo na vitabu juu ya nyuso zao. Nilimpigia Mama simu nikamwambia kwa Kiswahili changu safi cha darasani: "Mama, hali ya hewa ni nzuri sana wiki hizi!"

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Nzuri kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata nikarudi nyumbani, nikachukua daftari, nikateremka Sligo Creek kulitafuta.

Kwa wasiokijua, Sligo Creek ni kijito kidogo kinachopita katikati ya vitongoji, kikaingia Takoma Park, kikateremka hadi Hyattsville kuungana na tawi la mto Anacostia. Pembeni yake kuna njia ya miguu na baiskeli. Nimejifunza kuendesha baiskeli pale, na nimeanguka pale. Siku zote maji yake hufika kwenye vifundo vya miguu, na baada ya mvua kubwa huwa ya kahawia na yenye kelele. Siku ile hakukuwa na kelele. Mawe ambayo sikuwahi kuyaona yalikuwa juu, makavu, yamekauka na utelezi wao. Kijito kilikuwa kimekatikakatika, kikabaki vidimbwi tu, na kati ya kidimbwi na kidimbwi maji yalipita kama uzi.

Ndani ya vidimbwi kulikuwa na samaki wadogo wengi, wamebanana kama abiria wa matatu saa kumi na moja jioni. Na juu yao alisimama koikoi mmoja wa rangi ya kijivu, mrefu, kimya, shingo imekunjwa. Alidona. Akameza. Akasubiri. Akadona tena. Alikuwa kama mteja aliyefika dukani siku bei zimeshushwa. Kwenye tope palikuwa na alama za vidole vya rakuni, naye alipita usiku kuchukua fungu lake.

Basi nikaandika daftarini: hali ya hewa ni nzuri kwa koikoi na rakuni. Nikadhani nimelijibu swali la Mama. Nilipomsomea, akaniambia, "Na samaki wakiisha, huyo koikoi atakula mawe?" Kisha akaenda bafuni kukagua pipa lake.

Hapa lazima nisimame nieleze habari za pipa, maana bila pipa safari yenyewe haielezeki.

Nyumbani kwetu kuna pipa la plastiki la buluu. Lilipokuja kwetu lilikuwa linanuka zeituni. Limekaa pembeni mwa bafu tangu niwe na akili, limefunikwa ubao, na juu ya ubao kuna kata. Limejaa maji muda wote. Kila Jumamosi maji ya zamani huchotwa yakamwagiwa sukumawiki nyuma ya nyumba, kisha pipa husuguliwa na kujazwa upya. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliichukia kuliko kazi zote za nyumba, kwa sababu sikuona maana yake. Bomba lilikuwa hatua mbili kutoka pale, na sijawahi, tangu nizaliwe, kulifungua likakosa kutoa maji.

Mama ni mtu wa Mombasa, amekulia Kisauni. Yeye amelijua bomba kama mtu anavyomjua jamaa asiyeaminika: leo anakuja, kesho haji, na akija anakuja usiku wa manane watu wamelala. Walikuwa wakiamka saa nane za usiku kwa sababu mmoja amesikia bomba linakohoa. Siku likikataa kabisa walinunua maji ya mkokoteni, mtungi mmoja mmoja, na bei ilipanda kadiri kiu ilivyopanda. Hadithi hizi nimezisikia mara elfu. Lakini mtu unaweza kusikia hadithi mara elfu bila kuisikiliza.

Nilipokuwa shule ya sekondari alikuja rafiki yangu mmoja tufanye kazi ya hesabu. Akaenda bafuni, akarudi akiniuliza, kwa upole tu, kwa nini tuna pipa la maji ndani. Nikamwambia bomba limeharibika, fundi anakuja kesho. Bomba halikuwa limeharibika. Rafiki yangu hakuuliza tena, lakini uongo ule ulibaki kooni kwangu kama mwiba wa changu. Kilichonichoma zaidi nilikigundua baadaye: kwa majirani zetu wa Takoma Park, mapipa yamesimama chini ya mifereji ya paa kukinga mvua ya kumwagilia bustani, na kila apitaye huwasifu kwamba wanajali mazingira. Pipa nje ya nyumba yao ni sifa. Pipa ndani ya nyumba yetu nililifanya aibu.

Sasa turudi kwenye safari.

Kwa kuwa kijito kilikuwa kimeninyima makala, nikatafuta mahali penye maji mengi zaidi. Nikachagua Black Hill, bustani kubwa ya kaunti yetu ya Montgomery, kule Boyds, yenye ziwa liitwalo Little Seneca. Ni kiasi cha kilomita 40 kutoka kwetu. Mama alikuwa na mapumziko ya kazi Jumamosi ile, tarehe 9 Novemba. Akasema, "Twende wote. Nami nikaone ziwa la Wamarekani." Akapika mahamri, akajaza chai kwenye chupa, na bila shaka akapakia mtungi wa lita 20 wa maji nyuma ya gari. Twende ziwani, na maji tuyabebe. Sikusema kitu.

Ziwa ni zuri, jamani. Lina ukubwa wa ekari 505, limejikunjakunja katikati ya vilima vyenye misitu, kila kona ina ghuba yake. Boti za kukodi zilikuwa zimeshafungwa kwa msimu, lakini watu walikuja na kayaki zao wenyewe juu ya magari. Wavuvi walikuwa kwenye kingo. Kuogelea kumekatazwa. Furukombe, ambao majira ya joto huvua samaki pale kwa kujitupa majini miguu mbele, walikuwa wameshahamia kusini. Badala yao tuliona kukuziwa weusi wakielea kundi zima, batabukini wenye kelele zao, na juu ya mti mkavu tai mmoja mwenye kichwa cheupe. Mama alimtazama akasema, "Huyu ndiye wa kwenye pasipoti?" Ndiye. Nilishangaa kwamba alikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, na kwamba alikuwa amekaa tu, kama mzee barazani.

Ukingoni maji yalikuwa yameshuka kidogo, yameacha ukanda mwembamba wa tope lililopasuka. Lakini ziwa lilikuwa ziwa. Mama akaniuliza, "Siku zote hizi bila mvua, haya maji yote yanangoja nini?"

Kwa bahati, safari hii nilikuwa nimesoma kabla ya kwenda. Nikamweleza, nanyi nawaeleza.

Little Seneca si ziwa la asili. Ni bwawa, lililojengwa miaka ya 1980 kwa kuziba kijito. Na halikujengwa kwa ajili ya kayaki. Sehemu kubwa ya maji ya eneo la Washington hutoka mto Potomac. Mto ukiwa na maji, hakuna tatizo. Lakini miaka ya 1960 ulikuja ukame mrefu, na mwaka 1966 mto ukashuka kiasi cha kuwatia watu hofu: jiji lilikuwa linakua na mto haukui. Wahandisi wa jeshi walikuwa wamependekeza mabwawa makubwa 16 katika bonde la Potomac. Watu wakapinga, kwa sababu mabwawa 16 yangemeza mashamba, vijiji na misitu. Mwishowe wataalamu wakaonyesha kwa hesabu kwamba hayahitajiki mengi hivyo, ila mamlaka zote za maji zikubali kuchota kwa mpango mmoja, kama nyumba moja. Mwaka 1982 zikatia saini makubaliano hayo.

Leo akiba kubwa za mto huo ni mbili. Moja ni bwawa la Jennings Randolph, mbali kule milimani. Maji yakifunguliwa kule huchukua zaidi ya wiki kufika Washington. Ya pili ni Little Seneca. Maji yakifunguliwa hapa huteremka Seneca Creek, yakaingia Potomac, na baada ya kama siku moja yamefika kwenye mitambo ya kusafishia. Kwa hiyo Jennings Randolph ni kwa ajili ya hesabu ya wiki ijayo, na Little Seneca ni kwa ajili ya kesho, pale hesabu ya wiki ijayo inapokosea. Mara ya kwanza akiba hizi zilifunguliwa kwa shida ya ukame ilikuwa mwaka 1999, na zikafunguliwa tena 2002. Miaka mingi zimekaa tu, zimefunikwa na kayaki na bata, na wengi wanaopiga makasia juu yake hawajui wanaelea juu ya nini.

Nilipomaliza, Mama alikuwa ameacha kula. Akatazama ziwa, akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka mvuvi mmoja akageuka.

"Kumbe na wao wana pipa!"

Nikacheka nami. Lakini ndani nilijisikia vibaya, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Kaunti nzima, yenye wahandisi na kompyuta, ilikuwa imekaa chini, ikakumbuka ukame, ikasema tuweke maji pembeni kwa siku bomba litakapokataa. Bonde zima likazamishwa kwa ajili ya wazo hilo. Mama alilitekeleza kwa pipa la zeituni.

Tulipokuwa tunazunguka ukingo akanihadithia Mzima. Sikuwahi kuisikia hii, au sikuwahi kuisikiliza. Darasa la saba walipelekwa Tsavo Magharibi, kwenye chemchemi za Mzima. Pale maji ya mvua iliyonyesha kwenye vilima vya Chyulu, yakapenya kwenye mawe ya volkano, hutokea chini ya ardhi meupe kama kioo. Kuna viboko, mamba, samaki, na chumba kilichojengwa chini ya maji chenye madirisha ya kutazamia. Mwalimu wao akawaambia: maji haya ndiyo mnayokunywa kwenu. Na ni kweli. Tangu miaka ya 1950 bomba refu la zaidi ya kilomita 200 linayatoa Mzima kuyapeleka Mombasa. Mama alirudi Kisauni na habari hiyo kubwa, akamwambia bibi yangu kwamba wanakunywa maji pamoja na viboko. Bibi akamjibu, "Basi waambie wenzio viboko watubakishie, leo ni siku ya nne bomba halijatoa." Watu wa Taita Taveta nao, ambao bomba limepita kwao, kwa miaka mingi wamelalamika kwamba maji yanatoka ardhini mwao yakienda kwa wengine.

Nikamuuliza Mama, ukame ukija, chemchemi hukauka? Akasema alivyofundishwa wao, chemchemi haikauki, nyasi ndizo zinazokauka. Nimetafuta baadaye, na mwalimu wake alisema sawa. Kiboko hushinda majini mchana lakini hula nchi kavu usiku. Maji yakiwepo na majani yasiwepo, hufa njaa akiwa ameloa. Ukame wa 2022 ulipoipiga Kenya, serikali ilihesabu tembo 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba, pamoja na nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381, na Tsavo na Amboseli zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wengi wao hawakuuawa na kiu peke yake. Walikosa chakula mahali wanapoweza kufika kwa miguu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jibu langu la Sligo Creek lilikuwa fupi mno. Ukame huanza kama karamu. Koikoi hushiba. Ziwa la akiba likifunguliwa, maji hushuka, tope huonekana, na ndege wa matopeni wenye midomo mirefu huja kuchokoa wadudu. Lakini kome wasioweza kukimbia hubaki juu na kufa. Samaki hubanana kwenye maji machache, na maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Majani ya ukingoni ambamo samaki wachanga hujificha husimama mahali pakavu. Karamu ya Oktoba hulipwa msimu unaofuata. Na mwanadamu ndiye wa mwisho kuona bili, kwa sababu yeye ana ziwa pembeni na bomba linatoa. Ndiyo maana mimi niliona jua zuri tu.

Tukakaa kwenye benchi. Nikaona nisipolisema pale sitalisema tena.

"Mama, unakumbuka rafiki yangu aliyekuja nyumbani, akauliza habari za pipa..."

"Ukamwambia bomba limeharibika."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa jikoni. Jikoni kwetu kuna ukuta gani?"

Nikamwomba radhi. Hakujibu upesi. Alifunga chupa ya chai kwanza.

"Nilikasirika, siwezi kukuficha. Usiku nikafikiri, nikasema, huyu mtoto hajui kiu. Hajui hata inavyofanana. Alhamdulillahi. Si ndicho nilichokuja kukitafuta huku?" Kisha akaongeza, "Lakini kutojua kiu ni jambo moja. Kumcheka aliyeijua ni jambo jingine."

Sina la kuongeza hapo, wasomaji. Tulirudi nyumbani jua likizama, na kwa mara nyingine hali ya hewa ilikuwa nzuri sana.

Kesho yake, Jumapili tarehe 10 Novemba, jioni, mvua ilinyesha. Haikuwa nyingi, mvua ya rasharasha tu, ya kulowesha lami na kutoa ile harufu ya vumbi lililonyweshwa. Mama alikuwa ameshatoka nje na beseni kuliweka chini ya mfereji wa paa. Nikachukua beseni la pili. Jirani yetu alikuwa kwenye baraza lake, akatupungia mkono, akaonyesha pipa lake la bustani kwa furaha. Mama akampungia.

Kisha nikaingia bafuni, nikachota maji ya zamani, nikasugua pipa bila kuambiwa. Nilipolijaza nikaona chini kuna ufa mwembamba, linavuja tone moja moja. Nikamwita. Akaja akainama, akapapasa kwa kidole.

"Zawadi yangu ya mwaka mpya umeshaijua," akasema. "Na safari hii lisinuke zeituni."

Natafuta pipa. Mwenye kujua linapouzwa anione baada ya mkutano wa klabu.

Maneno ya safari hii

Koikoi: ndege mrefu wa kando ya maji, hula samaki na vyura.
Furukombe: ndege mkubwa mwindaji anayeishi kwa kuvua samaki.
Kukuziwa: ndege mweusi wa majini, mdomo mweupe, huogelea kwa makundi.
Chemchemi: mahali maji yanapotokea yenyewe ardhini.
Kukinga: kuweka chombo ili kipokee kinachodondoka, kama vile mvua.
Kata: chombo cha kuchotea maji, zamani kilitengenezwa kwa kifuu cha nazi na mpini wa mti.
Rasharasha: mvua nyepesi ya matone machache.

Swali la toleo lijalo: nyumbani kwenu mnaweka akiba ya nini, na nani aliyewafundisha? Niandikieni kwa Kiswahili, hata kama ngeli zitagombana. Zangu pia hugombana.